Raha Haina Kisanduku

Nchi yenyewe haipo, kwa hiyo asije mtu kunishika shati. Inaitwa Ngalambe, na haipakani na nchi yoyote mnayoijua. Wananchi wake ni wapole, maofisa wake ni wachapakazi, na Rais wake hupiga tarumbeta. Kwenye hilo tarumbeta ndiko maneno yalikoanzia.

Mtukufu Rais alianza kupuliza akiwa na miaka sitini na miwili, baada ya daktari kumshauri ayafanyishe mapafu yake mazoezi. Si vibaya. Mtu akiamua kupuliza, apulize. Lakini siku ya karamu ya Ikulu, alipomaliza wimbo wake, wageni walipiga makofi dakika tisa, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Kisha akapanda mpiga gitaa mmoja wa hotelini, akapiga kidogo tu, wageni wakapiga makofi ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Mtukufu aliyasikia yale makofi, akayalinganisha na yake, akaondoka bila kugusa keki.

Siku ya pili ikaundwa Tume ya Taifa ya Ubora wa Milio. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulipima tarumbeta la Mtukufu. Wataalamu wakaja na mashine zao, wakapima wakapimua, wakagundua kwamba tarumbeta hilo, ambalo liliwahi kukanyagwa na gari la msafara, linatoa sauti isiyofanana na sauti yoyote duniani. Hawakusema ni bovu. Walikuwa wasomi, na walikuwa na watoto wa kusomesha. Walisema limeitangulia dunia. Sauti hiyo ikaitwa Noti ya Taifa, na vyombo vyote nchini vikaamriwa viifuate. Mafundi wakapita mitaani na koleo, wakapinda, wakakunja, wakalegeza. Vinanda vya makanisani vikawa vinalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, na waumini wakaimba navyo hivyo hivyo.

Ndipo redio ikatangaza: "Kila raia mwenye chombo cha muziki akilete mbele ya Tume kabla ya mwisho wa mwezi. Atakayefaulu atapewa daraja. Atakayeshindwa, chombo chake kitachukuliwa, ili masikio ya taifa yapumzike."

Bi Nyamizi Lusewa alilisikia tangazo hilo akiwa barazani kwake, amepakata kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma. Akaacha kuvuta, akaacha na kusukuma.

* * *

Huyu Bi Nyamizi alifua mashuka ya hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini na mmoja. Damu, usaha, matapishi, na mengine ambayo nikiyataja mtaniachia hadithi yangu mwende zenu, yote yalipita mikononi mwake, na hata siku moja hakutapika. Wenzake wakitoka nje kushika ukuta, yeye anaendelea kusugua na kuimba puani. "Mgonjwa hakuutaka uchafu huu," alikuwa akiwaambia. "Nimwonee kinyaa kwa kosa gani?"

Alipostaafu alijichukulia kodiani kuukuu kwenye mnada wa vitu vya misheni. Hakujua hata inashikwaje. Wiki ya kwanza aliishika kichwa chini, miguu juu. Vitufe vyake viwili, tangu siku alipoinunua, vilikuwa vikitoa sauti ya mtoto anayekataa uji. Hakujali. Kila Alhamisi saa kumi alasiri alikaa barazani, na jirani yake Mzee Chande, aliyekuwa mlinzi wa bohari, akaja na debe tupu la mafuta ya taa, wakapiga. Walijua nyimbo tatu. Wimbo wa tatu walikuwa hawajui unaishaje, kwa hiyo waliurudia mpaka mmoja wao achoke.

Walipiga vibaya. Nasema kwa mapenzi: walipiga vibaya mno. Lakini Mzee Chande hakuwa amecheka tangu amzike mkewe, ambaye alikuwa shoga mkubwa wa Bi Nyamizi, na siku za Alhamisi alicheka mpaka machozi.

"Tumekosea wapi, shemeji?" Bi Nyamizi huuliza wakisimama kupumua.

"Kote!"

"Basi turudie."

Hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi yao. Hawakumwomba mtu asikilize, wala hawakutaka kuitwa popote. Siku ile ya tangazo Bi Nyamizi aliikumbatia kodiani yake kifuani akasema, "Wakinichukulia hii, shemeji, mimi nitabaki na nini? Magoti yanayouma?"

"Na mimi nitakuja hapa kufanya nini?" Mzee Chande akajibu. "Kukuangalia?"

Wakakubaliana waende mbele ya Tume pamoja, yeye na kodiani yake, mzee na debe lake.

* * *

Makao ya Tume yalikuwa kwenye jengo lililokuwa shule ya muziki kabla wanafunzi hawajaondolewa ili kupisha ubora. Foleni ilizunguka jengo mara mbili. Watu walikuja na marimba, zeze, filimbi, na mama mmoja alikuja na njuga za marehemu baba yake. Wote walikuwa kimya kama watu waliopeleka wagonjwa.

Dirishani alikaa karani mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi za bendera. Akaipokea fomu ya Bi Nyamizi, akaisoma, akakunja uso.

"Mama, hapa kwenye madhumuni ya kupiga muziki umeandika nini?"

"Raha."

"Raha ya nani?"

"Yangu. Na ya shemeji yangu huyu, kidogo."

Karani akaigeuza fomu, akamwonyesha kwa ukucha. "Visanduku ni vinne. Taifa, Ibada, Biashara, Msiba. Raha haina kisanduku."

"Basi kichore, mwanangu. Kalamu si unayo?"

"Visanduku vinachorwa na Kamati ya Visanduku, mama, na Kamati iko ziarani ng'ambo inajifunza visanduku. Chagua hapo hapo. Una msiba?"

"Sina, namshukuru Mungu."

"Ndugu? Jirani?"

"Mimi nilifiwa na mke," Mzee Chande akasema polepole. "Mwaka wa nne huu."

"Haya, ungesema mapema!" Karani akachangamka, akatia alama kwenye Msiba, akagonga muhuri. "Hongereni. Mlango wa pili."

Bi Nyamizi akamtazama mzee usoni, akaona alivyomeza mate. Tumbo lake likajikunja kidogo. Akadhani ni njaa.

Ndani walikaa watahini saba. Wote walikuwa wameapa kwa maandishi kwamba hawajawahi kugusa chombo chochote cha muziki tangu wazaliwe, kwa sababu mtu aliyewahi kupiga anaweza kuwaonea huruma wanaopiga. Mwenyekiti alikuwa Dakta Apolinari Kisukulu, mwenye shahada tatu za kusikiliza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba.

"Bibi, mbele yako yamekaa masikio saba ya taifa hili." Alisema saba, mengine saba sijui aliyaacha wapi. "Taifa lisilo na viwango ni kelele. Furaha isiyo na viwango ni fujo. Sisi hatukuja kukuzuia kupiga, la hasha! Tumekuja kukuzuia kupiga ovyo. Anza."

Bi Nyamizi akaanza. Wimbo wa kwanza ukamponyoka katikati, akaukimbilia wa tatu, na kwa wasiwasi vidole vikaangukia vile vitufe viwili vibovu na kukwama hapo. Ngwaaa, ikalia kodiani. Mshale wa mashine ya Tume ukaruka, ukasimama wima kwenye alama ya dhahabu. Watahini wakatazamana. Mmoja akavua miwani akafuta macho.

"Noti ya Taifa," Dakta Kisukulu akanong'ona, mkono kifuani. "Bila koleo! Bila marekebisho yoyote! Daraja la Kwanza!"

Zamu ya Mzee Chande. Wakalizunguka debe, wakalinusa.

"Hiki ni chombo gani?"

"Debe, Mheshimiwa."

"La nini?"

"Lilikuwa la mafuta ya taa."

"Basi si letu. Mambo ya mafuta ni Wizara ya Nishati. Liondoe hapa, linanuka."

Wakatoka nje mbio, mzee na debe lake, bibi na kodiani yake na cheti chenye utepe. Walicheka njia nzima. Waliamini wamewapiga chenga.

* * *

Alhamisi iliyofuata walikaa barazani saa kumi kamili. Hawakuwa wamefika hata nusu ya wimbo wa kwanza, gari la Tume likasimama, wakashuka maofisa wawili na barua. Chombo cha Daraja la Kwanza ni hazina ya taifa. Kukipigia barazani, kwa sababu zisizo na kisanduku, ni kuchezea mali ya umma. Kuanzia leo mmiliki atakuja kuchukuliwa panapokuwa na shughuli.

Shughuli Ngalambe haziishi. Bi Nyamizi akavishwa sare ya kijani yenye vishada, akasimamishwa uwanja wa ndege juani, akasimamishwa kwenye ufunguzi wa kalavati, akasimamishwa kwenye uzinduzi wa choo cha shule chenye matundu mawili, ambacho Mtukufu alikizindua tundu moja asubuhi na jingine alasiri. Alikatazwa kugusa vitufe vingine vyote; ruhusa ilikuwa ni vile viwili tu. Mtukufu akipuliza, naye ajibu ngwaaa. Akapewa pia mwalimu wa tabasamu, aliyemfundisha kuonyesha meno manane, si saba wala tisa. Zile nyimbo tatu zikaanza kumtoka kichwani. Barazani, Alhamisi, Mzee Chande alikaa peke yake na debe lake katikati ya miguu, hakulipiga. Alisema mkono haumtii.

Lakini lililomshinda Bi Nyamizi si jua wala meno.

Aliyepuliza tarumbeta anajua kwamba ndani hukusanyika maji. Tuyaite maji, kwa adabu. Kila wimbo ulipoisha, Mtukufu alifungua kidude cha chini, na maji yale yakachuruzika, mazito, kwenye bakuli la fedha lililoshikwa na Waziri Mkuu. Yaliitwa Pumzi ya Taifa. Kisha mawaziri wakapanga mstari kwa vyeo vyao, kila mmoja akachovya kidole, akajipaka kwenye paji la uso, akainama, akapisha. Siku ya choo, Waziri wa Afya alipofika kwenye bakuli alichovya vidole viwili, akatazama huku na huku kama anaonekana, akaona anaonekana, akavilamba.

Bi Nyamizi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Ute ulimning'inia yule mtu kwenye ndevu. Tumbo la mama wa watu, lililopita katikati ya kipindupindu likiwa limetulia, likapanda mpaka kooni. Akabana meno yote manane.

"Sikutapika," alimwambia Mzee Chande jioni ile, amekaa na sare yake kama ilivyo, "lakini nilikaribia. Shemeji, hakuna aliyemlazimisha! Mgonjwa hakuutaka uchafu wake. Yule alikuwa na haraka nao, anaogopa usiishe!"

"Irudishe hiyo kodiani yao," mzee akasema kwa hasira.

"Si yao, ni yangu! Nataka kuipigia hapa barazani, na hawataniruhusu mpaka waione haifai."

Wakatazamana. Wote wawili lilikuwa limewajia wazo moja.

* * *

Mchana wa siku ya pili yake waliilaza kodiani juu ya meza ya jikoni. Bi Nyamizi hakuwa fundi wa vinanda, lakini alizibua pampu za mashine za kufulia za hospitali maisha yake yote ya kazi, na skrubu nne hazikumtisha. Akafungua. Ndani mlikuwa na vilimi vyembamba vya bati vilivyopangwa mistari. Na juu ya vilimi viwili, kati ya vyote, alilala mende mkavu, miguu juu, amebanwa vizuri kabisa.

Mzee Chande akavua kofia.

"Huyu," akasema, "ndiye Noti ya Taifa."

Bi Nyamizi akamtoa kwa pini ya nywele, akamfunga kwenye leso.

Siku ya Sikukuu ya Taifa uwanja ulijaa. Mtukufu akapuliza ile sauti yake. Bi Nyamizi akabonyeza vitufe viwili, akavuta, ikatoka sauti safi, nyoofu, ambayo watu wa Ngalambe walikuwa hawajaisikia tangu koleo zipite. Sauti mbili zikakaa hewani pamoja, na kila mwenye masikio akasikia ipi ni ipi. Uwanja ukanyamaza. Kisha mtu mmoja huko nyuma kabisa akasema, "Kumbe!" Akasema hilo tu, lakini lilizunguka uwanja mzima.

Dakta Kisukulu alishuka ngazi mbio, koti linapepea. "Wananchi, msiwe na hofu! Chombo hiki kimeugua ghafla!"

"Dawa yake hii hapa, Dakta," Bi Nyamizi akasema, akamkabidhi leso.

Nasikia yule mende yupo hadi leo makao ya Tume, kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, na wageni rasmi husimama mbele yake dakika moja. Bi Nyamizi akavuliwa daraja papo hapo, akavuliwa na sare. Lakini kodiani hawakumrudishia. Chombo kilichougua, walisema, kinaweza kuambukiza. Wakakiponda kwa buldoza pembeni ya uwanja, yeye akiwa amesimama pale pale, na hakulia mbele yao.

* * *

Alilia nyumbani, siku tatu. Alhamisi saa kumi akasikia mtu anakohoa nje. Mzee Chande alikuwa amekaa mahali pake, debe katikati ya miguu.

"Mimi sina kitu, shemeji," Bi Nyamizi akasema.

"Una karai."

Alikuwa nalo, karai la bati, na brashi ngumu ya kufulia. Akaketi, akaligeuza, akasugua mgongoni mwake kwa mwendo uleule wa miaka thelathini na mmoja: krrr-cha, krrr-cha. Debe likaingia juu yake, ti-ti-tum. Walikosea palepale walipozoea kukosea, na kabla hawajafika kwenye wimbo usio na mwisho Mzee Chande akaanza kucheka, na mama wa watu naye akacheka, pua imejaa makamasi. Alhamisi ilikuwa imerudi.

Wiki ya tatu ya karai na debe alitokea mtu kwenye kona ya nyumba, amebeba koti lake mkononi. Alikuwa Dakta Apolinari Kisukulu, peke yake, kwa miguu.

"Nimepita tu," akasema. Hakuondoka. Akawasikiliza, na mguu wake mmoja ukaanza kugonga chini. Akautazama ule mguu kama wa mtu mwingine. "Hilo debe... mtu anashikaje?"

Bi Nyamizi alitaka kumfukuza. Kodiani yake ilipondwa kwa saini ya huyu. Lakini akamwona jinsi anavyolitazama debe, mtu mzima mwenye shahada tatu, midomo wazi. Akampisha.

Dakta akapiga. Alipiga vibaya kuliko wote wawili, na wao hawakuwa na pa kushuka. Lakini alipiga mpaka shati likalowa, akapiga kelele, akakosea akacheka, akasema, "Tena! Tena!" Mzee Chande akamshika viganja akamfundisha kuvilegeza. Jua lilipoanza kushuka, Dakta alikuwa anatokwa na machozi.

"Sijawahi," akasema. "Miaka hamsini na minne. Sijawahi kabisa." Akawashika mikono wote wawili, hataki kuiachia, kisha akavaa koti, akafunga kifungo, akaenda.

"Maskini," Bi Nyamizi akasema. "Kumbe ni mtu."

Jumatatu akaja tarishi wa Tume na gunia na fomu mpya, nakala mbili. Bi Nyamizi akasoma kwa sauti ili Mzee Chande asikie. Visanduku sasa vilikuwa vitano. Kamati ilikuwa imerudi, na cha tano kiliandikwa Raha, na mbele yake: Marufuku. Chini yake, kwa mwandiko mzuri: "Mimi mwenyewe, kwa kulitumikia taifa, nimejipima kwenye debe hili kwa saa moja na nusu. Nathibitisha kuwa linafurahisha kweli, hata mtu asipojua chochote. Ni hatari kubwa. Lichukuliwe, na karai, na brashi. Dkt. A. Kisukulu."

Bi Nyamizi akaishusha karatasi taratibu. Miaka thelathini na mmoja. Akainama kwenye ngazi ya baraza lake, akatapika. Alitapika chai, akatapika mkate, akatapika na uchungu wa nyongo, na Mzee Chande akamshika mabega mpaka kichefuchefu kikaisha.

"Mama, pole," tarishi akasema. "Unaweka sahihi hapa."

Hakuweka. Tarishi akamwekea, akatia vitu guniani, akalitupa gunia begani, akashika njia. Debe likawa linamgonga mgongoni kila akikanyaga. Ti. Ti. Ti-tum. Alipofika kwenye mfereji hatua zake zilikuwa zimeshaanza kulifuata, na akaongeza moja ambayo haikuwa na lazima.

"Anachelewesha pigo la pili," Mzee Chande akasema.

"Mwache," Bi Nyamizi akajibu, anafuta mdomo. "Ndiyo kwanza anaanza."

Tarishi akasimama ghafla. Akageuka nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akalishusha lile gunia, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili ili lisilie, akaenda hivyo, amelibana, mpaka ofisini.